Mtoto wa mbwa anayetetemeka huenda amepungukiwa na sukari, hana kichaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo nimeona likiua watoto wa mbwa katika mji wetu wa Arusha, hasa miezi ya baridi, na ambalo wenye nyumba hulipa majina mengine: sumu, kifafa, husuda ya jirani, au kichaa cha mbwa. Jambo lenyewe ni kushuka kwa sukari katika damu. Huduma yake ya kwanza ipo katika kila jiko lenye kopo la sukari, na kwa sababu hiyo huniuma zaidi ninaposikia kwamba mnyama amekufa hatua tano tu kutoka lilipo kopo hilo.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa zaidi ya miaka 30 nilihudumu katika wodi za watoto, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo malaria kali ndiyo iliyotujazia vitanda. Muuguzi yeyote wa wodi ya namna hiyo anajua kwamba mtoto aliyeletwa na degedege, hata kama vijidudu vya malaria vimekwisha kuonekana, hupimwa sukari papo hapo, kwa kuwa malaria kali humaliza sukari ya mtoto, na asiyepewa glukosi kwa wakati hufa au hubaki na ulemavu wa ubongo. Nilikuwa nimeyafanya hayo mara nyingi kiasi kwamba mikono ilianza kutafuta mshipa kabla sijaambiwa. Pamoja na ujuzi huo wote, mtoto wa mbwa aliponifia mikononi kwa tatizo lilelile, sikulitambua.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Mjukuu wangu alikuwa ameahidiwa mbwa akifaulu mitihani yake, naye alifaulu, basi tukaagiza kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam mbwa wa aina ile ndogo yenye manyoya marefu. Aliletwa kwa basi ndani ya boksi la katoni lililotobolewa matundu. Muuzaji alitueleza kwa simu, tena kwa fahari, kwamba hakumlisha tangu jioni ya jana yake ili asije akachafua boksi njiani. Alituambia pia kwamba ana wiki nane, lakini daktari wa mifugo aliyeyatazama meno yake baadaye alikadiria kuwa hazikuzidi sita. Mtoto huyo alifika usiku, akanusa maziwa ya baridi tuliyomwekea, akayaacha, akajikunja juu ya gunia kwenye sakafu ya saruji. Tulidhani amechoka, nasi tukaenda kulala.

Alfajiri nilimkuta anayumba kama mlevi, shingo imepinda, macho yamekodoka bila kuona. Kisha alianguka ubavu na kupiga miguu hewani. Mlinzi wa usiku alisema amelishwa sumu, akaniletea maziwa tumnyweshe. Nami, Mungu anisamehe, nikammiminia mdomoni mnyama aliye katikati ya degedege, kitu ambacho nisingethubutu kumfanyia mtoto wa binadamu hata siku moja. Mzee jirani yangu alisikia kelele, akaja na fimbo, akatuamuru tusogee kwa kuwa hicho ni kichaa cha mbwa. Simlaumu, maana alikuwa anatulinda. Kabla ya saa moja asubuhi mtoto yule alikuwa amekufa. Mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, si wewe ni nesi?" Swali hilo ndilo lililonipeleka siku ileile kwa daktari wa mifugo, nikiwa na maiti ndani ya boksi lilelile la safari. Daktari alinisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, akaniuliza mambo mawili tu: alikula lini mara ya mwisho, na usiku ule alilala wapi.

Aliyonieleza siku hiyo, na niliyojifunza baadaye kwa kumwuliza maswali mengi, ndiyo ninayotaka kuwagawia wasomaji. Mbwa mkubwa ana akiba mwilini. Akikosa chakula siku nzima, ini lake hufungua ghala la glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, na ghala hilo likipungua, ini huanza kutengeneza sukari mpya kutokana na misuli na mafuta. Mtoto wa mbwa wa wiki sita ana ini changa ambalo bado halijaimudu kazi hiyo, misuli yake ni michache, mafuta yake ni ya kuhesabika, ilhali ubongo wake ni mkubwa ukilinganishwa na mwili wake, nao ubongo hutegemea sukari kuliko kiungo kingine chochote. Tupige hesabu kidogo. Mtoto wa mbwa mwenye uzito wa kilo moja ana damu ya takriban mililita 85. Kiwango cha kawaida cha sukari kwa mbwa ni kati ya milimoli 4.4 na 6.6 kwa lita, kwa hiyo sukari yote inayozunguka katika damu yake kwa wakati mmoja haizidi sana moja ya kumi ya gramu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kiasi hicho mara arobaini. Kwa mnyama mwenye akiba ndogo namna hiyo, kukosa mlo wa usiku na wa asubuhi ni kuishiwa kabisa.

Baridi huongeza balaa. Mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko mwili mkubwa, na kila anapotetemeka ili apate joto, mtoto wa mbwa huchoma ile sukari ndogo aliyobaki nayo. Hofu ya safari, kutengwa na mama na ndugu zake, chakula kigeni na kelele za nyumba mpya humfanya asile, na ndiyo maana vifo vingi vya namna hii hutokea katika siku mbili tatu za mwanzo nyumbani kwa mnunuzi. Walio hatarini zaidi ni wale wa aina ndogo sana, kama vile Chihuahua, Yorkshire Terrier, Pomeranian na Maltese, hadi wafikishe umri wa miezi mitatu au minne. Hata hivyo asidhani mwenye mbwa wa kienyeji kwamba yeye amesalimika. Mtoto wa mbwa yeyote aliyejaa minyoo, anayehara, aliyezaliwa mdogo kuliko wenzake na kusukumwa pembeni mwa titi, au aliyeachishwa kunyonya kabla ya wakati na kupewa ugali mtupu, anaweza kupungukiwa na sukari vilevile.

Dalili huja kwa ngazi, nami nawasihi wasomaji waanze kushtuka katika ngazi ya kwanza. Mtoto wa mbwa aliyekuwa akicheza huwa mpole kupita kiasi. Ukimwita haji, ukimpa chakula hukitazama tu. Baadaye miguu ya nyuma hulegea, akitembea huyumba, na mwili huanza kutetemeka hata mahali pasipo na baridi. Ukimfunua mdomo utaona ufizi umepauka, na ukimgusa masikio na nyayo utakuta pamepoa. Macho hutazama pasipo kuona. Ndipo misuli ya uso huanza kurukaruka, ikifuatiwa na degedege, kisha kuzimia. Wapo wanaoruka ngazi, na wapo wanaokutwa wamekwisha kuzimia alfajiri kwa kuwa ngazi zote za mwanzo walizipita usiku watu wakiwa wamelala. Degedege likirudiarudia, au sukari ikikaa chini kwa muda mrefu, ubongo huharibika, na mnyama aliyepona anaweza kubaki kipofu au mwenye kifafa cha maisha.

Kuhusu kichaa cha mbwa lazima niseme kwa uangalifu, kwa sababu sitaki barua yangu imponze mtu. Ugonjwa huo upo nchini mwetu, unaua watu, hata mtoto wa mbwa anaweza kuwa nao, na dalili zake zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba ya kumwokoa. Kwa hiyo kama hujui mbwa huyo ametoka wapi, kama aliwahi kung'atwa na mbwa mwingine, au kama anang'ata ovyo, usimguse mdomo kwa mkono mtupu. Mfungie mahali, mwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa, au ambaye mate ya mnyama yamegusa kidonda chake, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, na asisubiri kuona mbwa ataishia wapi. Nimelisema hilo kwanza kwa makusudi. Lakini mtoto wa mbwa mdogo uliyemnunua juzi, asiyekula tangu jana, aliyepoa mwili na kulegea, ambaye hajamshambulia mtu, hastahili fimbo kabla hajapata sukari. Aliyepungukiwa na sukari akipakwa glukosi mara nyingi hurudiwa na fahamu katika muda wa dakika chache, jambo ambalo halitokei kwa mwenye kichaa. Sumu nayo ina alama zake: viuatilifu vya shambani, kwa mfano, humtoa mnyama mate mengi mfululizo, humharisha na kuzifanya mboni za macho ziwe ndogo kama ncha ya sindano.

Sasa niseme la kufanya. Mlaze ubavu, mfunike, na wakati huohuo mtu mwingine achanganye kijiko kimoja cha chai cha glukosi ya unga, ile inayouzwa madukani kwa ajili ya wagonjwa na wanamichezo, na vijiko viwili vya maji ya vuguvugu. Pasipo glukosi, asali inafaa, na pasipo asali, sukari ya kawaida iliyokorogwa hadi ikawa kama shira inafaa pia. Chukua kidogo, kama moja ya tano ya kijiko cha chai kwa kila kilo moja ya uzito wake, umpake kwenye ufizi na sehemu ya ndani ya shavu. Kama ana degedege, tumia mpini wa kijiko uliozungushiwa kitambaa, kwa sababu meno yanaweza kukaza ghafla na kidole kikabaki katikati. Usimmiminie kitu kooni hata kidogo. Asiyeweza kumeza atakivuta kile kinywaji hadi kwenye mapafu, na hilo ndilo kosa langu ninalolikumbuka kila nionapo kikombe cha maziwa. Subiri dakika tano, kisha mpake tena. Akianza kuramba midomo na kuinua kichwa, unaweza kumpa matone machache zaidi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, ukimwachia nafasi ya kumeza kila tone.

Kumpasha joto kuende sambamba na sukari, lakini polepole. Chupa ya plastiki iliyojazwa maji ya vuguvugu na kuzungushiwa kanga inatosha, au kumweka kifuani ndani ya sweta lako. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaweza kumuua yeye na wewe pamoja kwa hewa yake ya sumu. Kwa wale waliozaliwa karibuni, wa wiki ya kwanza na ya pili, ambao hawana hata uwezo wa kujitetemesha ili wapate joto, kuna kanuni moja zaidi: aliyepoa halishwi maziwa mpaka mwili wake uwe umepata joto, kwa maana utumbo uliopoa husimama na maziwa hayaendi popote.

Akishaamka, kazi haijaisha, na hapa ndipo wengi waliofanya vyema mwanzoni wanapokosea. Sukari uliyompaka itatumika yote kwa muda mfupi, na asipokula chakula halisi ataanguka tena baada ya saa moja au mbili. Mpe mara moja kidogo cha chakula laini chenye nguvu, kama vile nyama ya kuku iliyochemshwa na kupondwa, yai lililoiva, au chakula cha mbwa kilicholowekwa, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama anarukaruka. Ambaye hakuonyesha nafuu baada ya kupakwa mara ya pili apelekwe hapohapo, mkiendelea kumpaka njiani. Ni kiasi kidogo tu cha glukosi kinachopenya kwenye ufizi. Kingi hufanya kazi kikimezwa, kwa hiyo kumpaka ni kumshikilia tu hadi afikishwe kwa mwenye dripu. Huko atawekewa glukosi ya mshipani iliyochanganywa na maji ya dripu, maana ile nzito ikiingia ilivyo huunguza mshipa, na ataangaliwa kwa nini sukari ilishuka. Kushuka kwa sukari ni matokeo ya jambo jingine. Nyuma yake huweza kuwa na minyoo, kuhara damu kwa ugonjwa wa parvo, maambukizi yaliyoenea mwilini, au, kwa yule anayeanguka mara kwa mara ijapokuwa anakula vizuri, hitilafu ya kuzaliwa nayo ya mshipa unaoipitisha damu ya utumbo kando ya ini.

Nyumba nyingi siku hizi zina kipimo cha sukari kwa sababu ya mgonjwa wa kisukari, na tone la damu kutoka ukingoni mwa sikio la mbwa linaweza kupimwa nacho. Vipimo vya binadamu mara nyingi husoma chini kidogo ya kiwango halisi cha mbwa, lakini ukiona chini ya milimoli 3.3 kwa lita pamoja na dalili nilizozitaja, mhudumie. Usipokuwa na kipimo, mhudumie vilevile, kwani asali kidogo haitamdhuru ambaye sukari yake haikushuka. Nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba sukari huwapa mbwa minyoo. Minyoo haitokani na sukari; watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo tayari kutoka tumboni mwa mama, na ndiyo maana dawa ya minyoo huanza kutolewa wakiwa na wiki mbili, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wafikishe angalau wiki nane.

Kwa kuwa nimetaja kisukari, niongeze onyo linalowahusu hasa wenye mgonjwa nyumbani. Vidonge vya kushusha sukari, kama vile glibenklamidi, vikidondoka sakafuni na mtoto wa mbwa akavila, vinaweza kumwangusha vibaya kwa muda mrefu. Vilevile ile sukari mbadala iitwayo zailitoli (xylitol), ambayo hutiwa katika baadhi ya jojo na peremende zisizo na sukari, haina madhara ya namna hiyo kwa binadamu, lakini kwa mbwa huifanya kongosho imwage mara moja insulini nyingi, yaani kichocheo kinachoshusha sukari, na sukari ya mnyama ikashuka ndani ya saa moja. Asije mtu akampaka mbwa vitu hivyo akidhani ni sukari.

Hapo naona niseme neno la heshima kwa mbwa. Chuoni tulifundishwa kwamba insulini, ambayo leo inawaweka hai ndugu zetu wengi, iligunduliwa mwaka 1921 katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ambako Frederick Banting na Charles Best waliwaondoa mbwa kongosho na kisha kuwadunga maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho za mbwa wengine. Kabla ya hapo, mwaka 1889, ni mbwa pia waliowaonyesha wataalamu wa Strasbourg kwamba kisukari kina uhusiano na kongosho. Mengi tunayoyajua kuhusu sukari ya damu tuliyapata kwa uhai wao, na naona ni deni kwetu kuyatumia maarifa hayo kuwaokoa watoto wao.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili ya huduma ya kwanza peke yake. Vifo vingi vya namna hii huanzia kwa muuzaji, na hapo ndipo ninapotaka wasomaji wasimame nami. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane, na wale wa aina ndogo wakae hata zaidi. Uingereza sheria inamkataza mfanyabiashara mwenye leseni kumuuza akiwa chini ya umri huo, na Marekani kanuni za serikali kuu haziruhusu asafirishwe kibiashara kabla ya wiki nane. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini katika soko la mbwa linaloendeshwa kwa simu na kukabidhiana mizigo stendi, mwenye kuulinda umri huo ni mnunuzi mwenyewe. Ukiambiwa "ana wiki tano lakini anakula vizuri", mjibu muuzaji kwamba utasubiri wiki tatu, na kama hataki kusubiri, muache. Muuzaji anataka kumtoa mapema kwa sababu kuanzia wiki ya tano ndipo watoto wanapoanza kula sana, na gharama hiyo angependa uibebe wewe. Gharama ya kweli huibeba mtoto wa mbwa.

Desturi ya kumnyima chakula kabla ya safari nayo ikomeshwe. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni safari ya kutwa nzima. Basi likisimama Korogwe, abiria hushuka wakala, mama akamnunulia mtoto wake ndizi, na hakuna anayefikiri kuhusu lile boksi lililowekwa chini pamoja na masanduku. Anayemsafirisha mtoto wa mbwa amlishe mlo mdogo saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, amweke karibu na mtu anayemfahamu na wala si katika buti la basi, amfunike, na kila baada ya saa tatu au nne ampe chakula kidogo pamoja na maji. Akitapika kidogo, boksi litaoshwa. Kama hakuna wa kusafiri naye, mnunuzi amfuate mwenyewe.

Akishafika nyumbani, wa aina ndogo alishwe mara nne hadi sita kwa siku, na wengine mara tatu hadi nne. Mlo wa mwisho uwe karibu na saa nne usiku, na wa kwanza usichelewe kupita saa kumi na mbili alfajiri. Siku za mwanzo apewe chakula kilekile alichokuwa akila kwa muuzaji, kwa hiyo mnunuzi aulize kabla ya kulipa. Maziwa ya ng'ombe hayatoshi, wala hayafai kuwa tegemeo lake, kwa sababu maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, na watoto wengi wakipewa ya ng'ombe huhara, wakapoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho. Ugali uchanganywe na dagaa waliosagwa, nyama au yai. Tumbo lililovimba kama ngoma juu ya mbavu zinazohesabika lisimdanganye mtu kwamba mbwa ameshiba. Hiyo ni minyoo.

Mwaka uliofuata, katika baridi ya mwezi wa Juni, yule mzee jirani aliyekuja na fimbo aligonga lango langu kabla ya mapambazuko. Safari hii ndani ya koti lake alikuwa na mtoto wa mbwa wa kienyeji, amelegea kama kitambaa, amepoa, ufizi wake mweupe. Alikuwa amekumbuka niliyomsimulia. Tulimpaka glukosi mara ya kwanza, hakukuwa na lolote. Tukampaka ya pili, mzee akimkumbatia na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga ya mke wake, na baada ya muda ulimi mdogo ukatokeza ukaramba kidole chake. Daktari wa mifugo alimkuta na minyoo mingi na upungufu wa damu. Mbwa huyo leo ndiye anayelinda lango la mzee, na kila nipitapo huamka kunipokea.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa kilimo na mifugo, ambao huandika vizuri kuhusu ng'ombe na kuku, umpe mtoto wa mbwa nafasi japo mara moja kabla ya miezi ya baridi, kwa kumwita daktari wa mifugo azungumze na wasomaji. Na kwa maofisa mifugo wa kata, waliseme jambo hili siku za kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, wakati wenye mbwa wamekusanyika mahali pamoja na masikio yao yako wazi. Mjukuu wangu ana mbwa mwingine sasa. Tulimfuata wenyewe hadi kwa mfugaji akiwa na wiki tisa, tukasafiri naye mapajani, na lile kopo la glukosi tulilonunua siku hiyo bado lipo rafuni jikoni, limeandikwa jina la mbwa kwa mwandiko wa mtoto.

Ni mimi msomaji wako,
Muuguzi mstaafu,
Arusha